Mafuta Yafaayo kwa Viti vya Ngozi vya Motokaa

Motokaa ya zamani iliyorithiwa kwa baba, hata ikiwa injini yake ingali nzima, huonyesha uzee wake kwanza kwenye viti. Ngozi hukauka ikapasuka penye mikunjo, na mwenyewe akiona hivyo hukimbilia jikoni kutafuta mafuta. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Ngozi ni nyuzi nyembamba sana zilizoshikamana. Hutengenezwa kwa dawa ya kromi au kwa maji ya magome ya miti, kama yale ya miwati ambayo wakulima wengi wa Kenya waliyauza katika miaka ya 1950. Kisha hutiwa mafuta ili nyuzi ziteleze zisikwaruzane. Jua na miaka huyapunguza mafuta hayo. Basi yanayorudishwa yapaswa kuwa mafuta yatakayobaki kuwa mafuta.

Mafuta ya kitani hayafai kabisa. Wapaka rangi huyapenda kwa sababu hukauka yakawa magumu, na kitini hufanya vivyo hivyo. Mafuta ya alizeti na ya mahindi hugeuka pole pole yakanata kama ulimbo. Mafuta ya nazi huganda joto lishukapo chini ya digrii 24 hivi. Mtu wa Mombasa huenda asione neno, lakini asubuhi ya Limuru humwumbua. Samli huchacha na kunuka, tena huwaalika panya.

Mafuta ambayo watengenezaji wa matandiko ya farasi wameyaamini tangu zamani hutokana na miguu ya ng'ombe, nayo kopo lake huandikwa “neatsfoot”. Mifupa ya miguu huchemshwa, na mafuta yakaenguliwa. Miguu ya mnyama huwa baridi kuliko kiwiliwili, kwa hiyo mafuta yake hayagandi upesi. Kasoro yake ni kwamba hutia ngozi weusi. Afadhali yajaribiwe kwanza chini ya kiti. Mafuta ya sufu ya kondoo nayo ni mazuri, ila ni mazito.

Lakini kabla ya kununua kopo lolote, tone la maji liwekwe juu ya kiti. Likinywewa, ngozi ina kiu. Likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, ngozi imefunikwa kwa rangi ya namna ya plastiki, kama viti vingi vya siku hizi, na mafuta yatabaki juu kuchafua suruali za abiria. Viti hivyo vyataka kitambaa chenye maji na sabuni laini tu.

Ngozi yenye kiu isafishwe, ikaushwe kivulini, ipakwe mafuta kidogo sana kwa kitambaa, ilale usiku mmoja, kisha ifutwe. Ufa uliokwisha kupenya hauzibwi na mafuta yoyote. Huo ni wa fundi mwenye kiraka na gundi, naye hana budi kuyaondoa kwanza mafuta yote, maana gundi haishiki penye mafuta.