Rangi ya Mashine ni Ukumbusho
Treni ndogo za dizeli, kule Ayalandi na huku kwetu



Kama unakaa Pweto, unajua vizuri kama hapa kwetu hakuna reli. Tuko na ziwa Mweru, tuko na mto Luvua unaotoka ziwani, tuko na barabara ya vumbi inayopita Kasomeno mpaka Lubumbashi. Hata shaba na fedha za Dikulushi, mgodi uliofunguliwa mwaka 2002 katika teritware yetu, zilipelekwa Kilwa kwa kamiyo, zikavuka ziwa kwa feri mpaka Nchelenge, upande wa Zambia. Basi, mtoto wa Pweto akishika waya na pinse, anatengeneza nini? Kamiyo au mashua. Anatengeneza kile anachokiona.

Lakini hesabu jamaa zako. Ni familia gani ya Katanga haina mtu mmoja wa reli? Mjomba alikuwa mashinisti Kamina. Nkambo alifanya kazi katika atelie ya Lubumbashi. Shangazi aliuza samaki stesheni ya Kabalo. Mwezi huu tunakuletea swali moja ambalo pengine hukuliuliza hata siku moja: ile mashine ya dizeli waliyoijua wazee wako, ilipakwa rangi gani?

Utasema, "Rangi ya mashine inanisaidia nini?" Ngoja kidogo, tuendelee pamoja.

MASHINE PIA INAVAA SARE

Mtoto wa masomo anavaa sare, na ukimuona njiani unajua shule yake. Mashine ya treni iko vile vile. Kila kampuni inachagua rangi zake, mistari yake na herufi zake, na inapaka mashine zake zote namna moja. Kampuni ikibadilika, sare inabadilika. Kwa hiyo rangi ya mashine inakuambia ni miaka gani, na nani alikuwa bwana wa reli.

Kuna nchi moja ndogo ya Ulaya ambayo watu wake wameshika jambo hili kwa nguvu sana. Ni Ayalandi. Kisiwa chote kile ni kidogo kuliko jimbo letu la Haut-Katanga peke yake. Huko watu wazima, akina baba wenye mvi, wananunua na kutengeneza mashine ndogo za dizeli zinazotosha kukaa mkononi, na wanagombana usiku mzima juu ya upana wa mstari mmoja mweupe! Usiwacheke upesi. Sikia kwanza historia yao.

MASHINE MOJA, SARE NYINGI

Kampuni ya taifa ya Ayalandi, CIÉ, iliundwa mwaka 1945. Wakati ule mashine zao zilikuwa za mvuke. Kuanzia mwaka 1955 walileta mashine 60 za dizeli kutoka Uingereza, walizoziita A. Zilifika zimepakwa rangi ya fedha, zinang'aa kama sufuria mpya. Lakini dizeli ina mafuta na moshi, na ile fedha ilichafuka upesi sana. Ndipo wakapaka kijani.

Mwaka 1961 zilifika mashine 15 kutoka Amerika, kazi ya General Motors, zenye rangi ya kijivu na manjano. Mwaka uliofuata zikafika zingine 37, na hizo zilivaa nyeusi na kahawia hafifu, pamoja na mstari mweupe. Mwaka 1972 kampuni ikabadilisha tena: rangi ya machungwa yenye mkanda mweusi. Zile mashine kubwa 18 zilizofika mwaka 1976, zinazoitwa 071, zilivaa rangi hiyo toka siku ya kwanza. Mwaka 1987 kampuni ya reli ikapata jina jipya, Iarnród Éireann, na mistari myeupe ikaongezwa. Miaka ya karibuni mashine nyingi za 071 zimepakwa kijivu.

Unaona? Mashine A moja, chuma kile kile, ilipita katika fedha, kijani, nyeusi na machungwa kabla ya kuzeeka. Ndiyo maana watengenezaji wa treni ndogo, kama Murphy Models na Irish Railway Models, wanatoa umbo moja katika sare mbalimbali. Mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1957 atatafuta ile ya fedha iliyochafuka. Binti aliyepanda treni kwenda chuo mwaka 1980 atatafuta ile ya machungwa. Kila mtu ananunua rangi ya siku zake.

Na kuna mfano wa mtu mmoja. Cyril Fry alikuwa mchoraji wa mipango ya mashine katika atelie za reli za Inchicore, mjini Dublin. Mchana alichora mashine kubwa, na saa za mapumziko alitengeneza ndogo nyumbani kwake, kwa mikono yake, miaka na miaka. Fry amekwisha kufa, na mashine nyingi alizozifuata zimekatwa zikawa chuma chakavu. Lakini treni zake ndogo ziko katika jumba la makumbusho huko Malahide, karibu na Dublin, lililofunguliwa mwaka 2020. Kile kikubwa kilipotea, kile kidogo kikabaki.

NA HUKU KWETU JE?

Turudi nyumbani. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitoka upande wa Sakania. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 ilifika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui. Kampuni iliyoendesha kazi ilikuwa BCK, na wazee mpaka leo wanasema "batu ba BCK". Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, zilikuja herufi KDL. Mwaka 1974 ikawa SNCZ. Mwaka 1995 tukasikia jina SIZARAIL, wakati watu wa reli wa Afrika ya Kusini waliposhirikiana nasi. Mwaka 1997 jina hilo likaondoka, tukabaki na SNCC.

Hesabu mwenyewe: BCK, KDL, SNCZ, SIZARAIL, SNCC. Herufi za namna tano katika maisha ya mtu mmoja! Mzee aliyezaliwa mwaka 1940 ameziona zote.

Sisi tulipata pia umeme mapema. Mwaka 1952 njia ya kati ya Likasi na Tenke ilianza kutumia umeme wa volti 25,000, moja katika njia za kwanza duniani kufanya vile. Lakini waya za umeme haziendi kila mahali. Toka Kamina kwenda Kabalo, Kalemie na Kindu, dizeli ndiyo iliyovuta. Na wengi hawajui kama mashine ya dizeli nayo ina umeme ndani yake: injini inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme huo unakwenda katika mota zilizo karibu na magurudumu. Ni kama kiwanda kidogo cha umeme kinachotembea.

Sasa angalia shida. Picha nyingi za zamani za reli yetu ni nyeusi na nyeupe. Picha inakuonyesha umbo, inakuonyesha herufi, lakini haikuambii kama ubavu ulikuwa mwekundu au wa kijani. Nani anajua? Yule aliyeshika burashi. Yule aliyeosha mashine kila asubuhi. Na watu hao wamezeeka. Wengi walipita miaka ya mishahara isiyolipwa, miezi juu ya miezi, na wengine wamekwisha kutuacha. Wakienda wote, rangi zinakwenda nao.

UKUMBUSHO SI FURAHA TU

Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza picha za kutundika sebuleni, na watu walisema picha nzuri ni ile inayoleta ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima namna hiyo, picha zaidi ya 100. Treni ndogo nayo inaweza kufanya kazi ile.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Zililala stesheni majuma na miezi zikingoja treni, na wengi walikufa pale, hasa watoto. Kwa familia hizo mashine yenye herufi SNCZ si mchezo wa kufurahisha. Ukimuuliza mzee habari ya treni na ukaona machozi, nyamaza, kaa karibu naye. Ukumbusho wa namna hiyo nao ni wa kwetu, na haufai kupakwa rangi ya uongo.

NAMNA YA KUTENGENEZA YAKO

Kule Ulaya treni ndogo ina mota ndani, na reli yake inaleta umeme kidogo, volti 12 hivi. Bei yake ni kubwa. Sisi tutumie vitu vyetu: waya, mikebe ya maziwa, kartoni, vifuniko vya chupa, kipande cha kiatu cha mpira kilichoisha.

Kwanza, vipimo. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanakadiria kwa macho tu. Tumia kipimo cha moja juu ya 40: kila mita moja ya mashine ya kweli inakuwa sentimita mbili na nusu. Mashine ya mita 16 inakuwa sentimita 40. Upana wa mita 2.8 unakuwa sentimita 7. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, basi yako itakuwa milimita 27 karibu. Hata watu wa Ayalandi wana shida hapa! Reli yao ya kweli ni pana sana, milimita 1,600. Kwa kipimo chao cha moja juu ya 76 ingepasa kuwa milimita 21, lakini treni zao nyingi za dukani zinatembea juu ya reli ya milimita 16 na nusu, kwa sababu ndiyo inayouzwa kila mahali.

Pili, kunja waya ufanye mifupa ya mashine, kisha uvike kartoni au mabati. Mikebe inakata sana: kunja kila ukingo, na wadogo wasishike mkasi peke yao.

Tatu, rangi. Omba mabaki ya rangi ya nyumba. Paka nyembamba, acha ikauke, paka tena. Anza na rangi hafifu, maliza na rangi nzito. Ukitaka mstari ulionyooka, bandika utepe, paka, kisha uondoe utepe polepole. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa.

Nne, mashine ya kweli si safi. Chukua vumbi nyekundu ya kwetu, sugua kidogo chini ya magurudumu na pembeni. Hapo mzee akiiona atasema, "Eh! Ni yenyewe!"

KABLA YA KUPAKA, ULIZA

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Usipake rangi unayoipenda wewe. Nenda kwa mzee wa reli, umsalimie vizuri, ukae chini, uulize: "Mzee, ile mashini yenu ilikuwa na rangi gani? Herufi ziliandikwa wapi? Namba yake ulikuwa unaijua? Nani alikuwa anaipaka? Na siku kampuni ilibadilisha jina, batu balisema nini?"

Andika majibu katika daftari, pamoja na jina lake na mwaka. Kisha nenda kwa mzee wa pili na wa tatu. Wakipatana, paka. Wakibishana, usikasirike: pengine kila mmoja anakumbuka miaka yake, sawa na wale wa Ayalandi na machungwa yao. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga.

Neno moja kwa wadogo: treni ya kucheza ni hii ya waya. Mwezi wa tatu mwaka 2022, huko Buyofwe, upande wa Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba watu pia iliacha reli, na watu 75 wakafa. Usipande juu ya wago, na usicheze relini.

Na ninyi wazazi, mtoto akikuletea daftari lake, usimwambie "niache, nimechoka". Mwambie rangi ile. Nyinyi wa Pweto, msiseme reli si habari yenu. Andikieni jamaa za Kamina na Kalemie, pigeni simu, ulizeni. Siku ya sikukuu ya vijana pangeni treni zenu juu ya meza moja, toka BCK mpaka SNCC, na muite wazee waje kuangalia. Waacheni waseme, na mwingine awe karibu na kalamu.