Willie O'Ree: Zaidi ya miaka 20 kwenye barafu kwa jicho moja

Tarehe 18 mwezi wa kwanza mwaka wa 1958, mjini Montreal, Willie O'Ree aliingia uwanjani akivaa jezi ya Boston Bruins. Kabla yake, hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kucheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu. Siri yake ilikuwa nyingine: jicho lake la kulia lilikuwa karibu kupofuka kabisa.

Miaka miwili hivi nyuma, kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa fimbo kilimgonga usoni. Daktari alimwambia hatacheza tena. Ligi haikumruhusu mtu wa jicho moja, basi akanyamaza. Kwa kuwa alicheza winga ya kushoto, ilimbidi kugeuza kichwa chote ili aone pasi inayomjia, huku mabeki wakimkimbilia.

Mzaliwa huyo wa Fredericton, Kanada, alicheza mechi 45 tu za NHL na kufunga mabao 4, akitukanwa rangi yake, hasa katika viwanja vya Marekani. Ni chache, ndiyo. Ila huko California, katika ligi ya chini, kocha alimhamishia winga ya kulia, ambako jicho zima lilitazama uwanja. Mara mbili akawa mfungaji bora wa ligi hiyo. Aliendelea kucheza hadi 1979, akiwa na miaka 43.

Mweusi wa pili, Mike Marson, alifika NHL mwaka wa 1974. Jezi namba 22 ya O'Ree, Boston iliitundika mwaka wa 2022. Hakuna atakayeivaa tena.