Sindano za Kujaza Ngozi: Tujue Hatari Zake

Kukunjamana kwa uso ni desturi ya umri, wala hakuna aliyejaliwa maisha marefu akaukwepa. Hata hivyo wako watu, wake kwa waume, wanaodungwa sindano usoni ili mikunjo ipungue, midomo inenepe, au kovu lililobonyea lijae. Yafaa kila nyumba ilielewe jambo hili kabla ya kutoa fedha.

NAMNA ZINAVYOFANYA KAZI

Chini ya ngozi ya juu iko ngozi ya ndani, iliyojengwa kwa nyuzi imara ziitwazo kolajeni. Kati ya nyuzi hizo mna ute uitwao asidi ya hayaluroniki, ambao huvuta maji na kuyashika. Mtu azeekapo, nyuzi na ute hupungua, ngozi ikalegea. Daktari hudunga ute wa namna hiyo hiyo, uliotengenezwa kiwandani na kufanywa mzito ili usiyeyuke upesi. Marekani iliuruhusu mwaka 2003. Kwa kawaida hudumu miezi sita hadi mwaka mmoja au zaidi, kisha mwili huumaliza.

Si kila kijazacho huyeyuka. Mwaka 1899 Daktari Robert Gersuny wa Vienna, nchini Austria, alimdunga mgonjwa mafuta ya vaselini ili kurudisha umbo la kiungo kilichoondolewa. Wengi waliiga, lakini baada ya miaka mafuta hayo yalihama na kuacha mavimbe magumu. Silikoni ya maji nayo huleta balaa kama hiyo.

MADHARA

Uvimbe mdogo na alama za damu kuvilia ni mambo ya kawaida, nayo hupona kwa siku chache. Sindano chafu huleta usaha. Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ute kuingia ndani ya mshipa wa damu na kuuziba. Hapo ngozi hupauka, hupata madoa kama wavu, na mara nyingi huuma sana. Isipotibiwa hufa na kuoza. Mishipa ya puani na katikati ya nyusi imeungana na ile ya macho. Ndiyo sababu wako waliodungwa hapo wakapofuka palepale.

Iko dawa, hayaluronidazi, inayoyeyusha ute huo. Yapasa idungwe mapema iwezekanavyo, nayo haina nguvu juu ya silikoni wala mafuta.

LA KUFANYA

Mwenye nia ya kudungwa aulize mambo matatu: Je, anayedunga ni daktari aliyesomea kazi hii? Chupa ina kitu gani, na imefunguliwa mbele yangu? Dawa ya kuyeyusha iko tayari hapa hapa? Jibu likikosekana, aondoke. Na mtu akiisha kudungwa akaona ngozi inapauka, maumivu yanazidi au macho yanaingia kiza, asingoje kesho. Akimbizwe hospitali saa ile ile, na chupa iliyotumika ichukuliwe pamoja naye.