Ndege ikipita, mutu wa kamba asikimbie

Sisi tunaoishi Goma, kuanzia Birere mpaka Majengo, tunajua ile sauti. Uwanja wa ndege uko mu katikati ya mji, na nyumba zetu nyingi ni za mbao na manjanja juu ya mawe ya volkano. Ndege ya vita ikipita chini, manjanja yanalia, sahani zinagongana, mtoto anaingia chini ya kitanda. Ukiinua kichwa, imeshaenda.

Sauti inatembea karibu metre 340 kwa segonde. Sukhoi-25 inaweza kukimbia metre 250 kwa segonde. Njo maana hausikii ikikuja. Sisi wachimbaji tumezoea baruti, lakini mbele ya baruti kuna filimbi, kila mutu anajificha. Ndege haina filimbi.

Tarehe 24 Januari 2023 Goma iliona kwa macho: Sukhoi ya nchi yetu ilipigwa kutoka upande wa Rwanda, ikakuja kutua na moto. Kigali ilisema ilivuka mpaka, Kinshasa ikakana. Tangu pale watu hawaulizi tena ni ndege ya nani. Wanakimbia kwanza.

Mu shimo ni vingine. Aliye chini kabisa hasikii ndege. Anasikia udongo mwembamba unamwangukia shingoni, halafu kimya: mashini ya hewa imezimika. Ilitupata mu kilima kimoja cha Masisi. Watu wane walikuwa chini. Juu, kijana wa mashini alikimbilia mu migomba, mutu wa kamba akaachilia kamba. Wale wane walipanda kwa mikono na magoti, kifua kinabana, tochi mu meno. Hakuna aliyekufa. Wa kamba alilia kuliko wao, na hatukumufukuza. Nani kati yetu hangekimbia?

Hatusemi ndege njo inaangusha mashimo. Tunajua kinachoangusha: mvua, na miti ya kushikilia inayokosekana juu mwenye shimo anahesabia franga zake. Lakini ndege inaondoa watu wa juu, na bila watu wa juu, wa chini wamekwisha.

Jioni tulikaa, tukapatana. Juu ya kila shimo watu wawili, si mmoja. Ndege ikipita wanalala chini pale pale, mmoja karibu na mashini, mwengine na kamba mu mkono. Kamba ikivutwa mara tatu, wote wapande. Na nyinyi wamama, mukiisikia, musipande mlima kutafuta bwana. Mutatuongezea watu wa kutafuta.

Mwenye shimo alikataa kulipa mutu wa pili. Alisema mambo ya ndege hayamuhusu. Siku mbili hatukushuka. Ya tatu alikubali nusu ya malipo, nusu ingine tunaitoa sisi wenyewe, kila posho, mu kikopo cha sendika. Tuko tunaendelea kumudai.