KUGAWA SHULE ILIYOJAA: TUANGALIE MPAKA KABLA YA MATOFALI

Ombi ambalo kamati za parokia hulipokea mara nyingi kutoka vijijini ni hili: shule yetu imejaa, tusaidieni chumba cha darasa. Ni ombi la haki. Hata hivyo, chumba peke yake hakisemi ni watoto gani watakaa ndani yake, watatoka kitongoji gani, na watabaki nani katika shule ya zamani. Katika toleo hili tunaeleza jinsi shule ya umma inavyogawanywa, na kwa nini kamati na wafadhili wanapaswa kuuliza habari za mpaka kabla ya kutoa fedha za matofali na mabati.

Msongamano umetoka wapi?

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 4.8 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Wimbi la pili lilikuja mwaka 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 kuondoa ada na michango ya lazima. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa michango waliandikishwa, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Mkoa wetu una sababu zake pia. Songwe ilitengwa na Mbeya mwaka 2016. Kwa sensa, eneo hili lilikuwa na watu karibu milioni moja mwaka 2012, na zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2022. Tunduma, mji wa mpakani na Zambia wenye barabara kuu na reli ya TAZARA, ulikua zaidi ya mara mbili katika miaka hiyo kumi. Huko msongamano ni wa mjini: nyumba zimebanana na viwanja vya kujenga shule ni haba.

Mkwajuni hali ni tofauti. Hapa ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya, kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Wamo Wabungu ambao ni wenyeji, wamo Wanyiha na Wasafwa, wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao, wavuvi wa ziwani, na wachimbaji waliofuata dhahabu ya Saza na maeneo ya jirani. Machimbo yakitoa, kitongoji huota ndani ya mwaka mmoja. Hivyo shule iliyo karibu na barabara hujaa, huku watoto wa vitongoji vya mbali wakitembea mwendo mrefu au kutoandikishwa kabisa.

Njia tatu za kupunguza wanafunzi

Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ikizidi mno viwango hivyo, kuna njia tatu zinazotumika.

Ya kwanza ni kuongeza vyumba palepale. Ni rahisi kusimamia, lakini haimpunguzii safari mtoto wa mbali.

Ya pili ni kuigawa shule kuwa mbili, mara nyingine ndani ya uwanja uleule. Kila shule hupata mwalimu mkuu wake na rejista yake. Usimamizi huwa mwepesi, ila tukumbuke kwamba kugawa rejista hakuongezi chumba wala tundu la choo.

Ya tatu ni shule shikizi. Hii ni shule ndogo inayojengwa kwenye kitongoji cha mbali kwa ajili ya madarasa ya chini, chini ya usimamizi wa shule mama. Mwaka 2021 Serikali ilipotumia fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 kujenga vyumba 15,000, vyumba 3,000 kati ya hivyo vilielekezwa kwenye shule shikizi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Shule ina watoto 900 na vyumba 10; kila chumba kina watoto 90. Parokia ikijenga vyumba viwili palepale, kila chumba kitabaki na watoto 75. Vyumba hivyohivyo viwili vikijengwa kwenye kitongoji cha mbali na kuchukua watoto 90 wadogo, huko kila chumba kitakuwa na watoto 45, na shule mama itabaki na 81 kwa chumba. Anayetazama shule mama peke yake ataona msaada umepungua. Lakini mtoto wa miaka sita amepata shule karibu na nyumbani, na mdogo wake ana nafasi ya kuandikishwa.

Mpaka unapotenga watu

Hapa ndipo penye hatari. Ukigawa shule, lazima uchore mstari: vitongoji hivi huku, vitongoji vile kule. Mstari ukifuata umbali, mito ya masika na usalama wa njia, watu huuelewa. Ukifuata ukoo, kabila au kazi ya wazazi, tunajikuta na shule ya wenyeji yenye walimu wa kutosha, na shule ya wafugaji au ya wachimbaji yenye mwalimu mmoja. Si lazima mtu awe amekusudia ubaya. Inatosha kwamba waliohamia juzi hawakuitwa kwenye kikao.

Nchi yetu inaijua hali hiyo. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mara baada ya Uhuru, utaratibu huo ulifutwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya Serikali, na milango yake ikafunguliwa kwa watoto wa imani zote. Mtoto wa Kisukuma na wa Kibungu wanaosoma Kiswahili kwenye dawati moja ni matunda ya maamuzi hayo. Tusiyapoteze kwa kuchora mstari vibaya.

Kamati iulize nini?

Uamuzi wa kugawa shule hupitia kamati ya shule, mkutano wa kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata na Halmashauri, na shule mpya husajiliwa na Kamishna wa Elimu. Parokia haina mamlaka ya kuchora mpaka. Lakini yeyote anayechangia ana haki ya kuuliza kwa upole:

1. Je, vitongoji vitakavyohamishwa vilishiriki kwenye mkutano, pamoja na wafugaji na wachimbaji?

2. Kituo kipya kitapata walimu wangapi, na watakaa wapi? Shule yenye mwalimu mmoja hufungwa siku anapougua.

3. Vyoo na maji vimo kwenye mpango, au ni darasa tu?

4. Watoto wenye ulemavu watafika vipi?

5. Anayemaliza madarasa ya chini kwenye shikizi ataendelea wapi, na njia yake ina usalama gani?

Ni vema kuanza sasa. Kwa mitaala iliyoanza mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho, na mwaka 2028 shule za sekondari za kata zitapokea makundi mawili kwa mpigo. Maswali haya ya mpaka yatarudi kwa nguvu zaidi.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba mkubali kwamba mara nyingine msaada bora ni vyumba viwili porini, pamoja na nyumba ya mwalimu na vyoo, badala ya jengo linaloonekana barabarani. Kwa kamati za parokia, tunaomba ombi la darasa linaloletwa liambatane na muhtasari wa mkutano wa kijiji na orodha ya vitongoji vitakavyohudumiwa.