Tawi la Mti Likivunjwa na Dhoruba: Nani Hulipia Kuliondoa

DAR ES SALAAM – Usiku wa mvua za masika zenye upepo mkali ukipita, kazi ya kwanza ya asubuhi katika nyumba nyingi za pwani ni kutazama juu. Tawi la mwembe limepasuka kwenye shina na kulalia bati la jiko. La mwarobaini linaning'inia juu ya waya wa umeme unaoingia ndani. Kwa jirani, mparachichi umeangukia ukuta wa mpaka. Hofu ikishatulia huja swali ambalo mara nyingine huleta ugomvi mkubwa kuliko dhoruba yenyewe: fundi wa kukata atalipwa na nani?

Kanuni ya jumla kwa Tanzania Bara ni kwamba mwenye eneo ulipo mti ndiye mwenye mti, na gharama za kuutunza, kuupogoa na kuondoa matawi yake yaliyovunjika ni zake. Serikali ya Mtaa haina fungu la kuwakatia wananchi miti ya bustanini, wala halmashauri haiwajibiki kwa mti uliopandwa ndani ya kiwanja cha mtu. Kanuni hiyo inaeleweka. Ugumu huanza pale tawi linapovuka mpaka, linapogusa waya, linapofunga barabara au linapoharibu mali ya mtu mwingine.

Waya ndio wa kwanza kuangaliwa, kwa sababu hapo kinachoweza kupotea ni maisha. Tawi lililogusa waya wa umeme halikatwi na mwenye nyumba wala na fundi wa mtaani, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi. Mti mbichi uliolowa maji hupitisha umeme, na waya ulioanguka chini unaweza kuua mtu aliyesimama karibu nao bila kuugusa, kwa sababu ardhi yenyewe huwa na umeme. Watu wote, hasa watoto, wakae mbali kwa mita kumi au zaidi, na taarifa ipelekwe Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) kwa namba 180. Shirika husafisha njia za nyaya zake kwa gharama yake, na mafundi wake ndio wenye uwezo wa kuzima laini kabla ya kazi kuanza. Mwananchi hatakiwi kumlipa mtu yeyote pembeni ili aje mapema. Ikiwa mti hauko kwenye njia ya waya, bali mwenye nyumba anahofia kwamba tawi likikatwa litaangukia waya, bado inambidi aombe laini izimwe kwanza. Kazi ya kukata itabaki kwa fundi wake na kwa fedha zake.

Kwa upande wa barabara, mti ulioko ndani ya hifadhi ya barabara uko chini ya mamlaka ya barabara husika, hata kama ulipandwa na mwenye nyumba inayotazamana nao na hata kama yeye ndiye anayeumwagilia. Kwa barabara kuu na za mikoa mamlaka hiyo ni TANROADS. Kwa barabara za wilaya na za mitaani ni TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Tawi la mti wa aina hiyo likianguka, taarifa hupitia kwa mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa au mtendaji wa kata, ambao hujua ofisi ya kuipeleka. Pale ambapo mtu amenaswa au nyumba iko hatarini kuporomoka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Suala la majirani ndilo linalohitaji maelezo marefu. Tanzania haina sheria moja inayozungumzia tawi lililovuka mpaka wa kiwanja. Mahakama hutumia misingi ya sheria za Kiingereza iliyopokelewa nchini kupitia Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ambayo imeweka tarehe ya mapokeo kuwa Julai 22, 1920. Msingi mmojawapo ulitolewa mwaka 1894 na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, katika shauri la Lemmon dhidi ya Webb. Iliamuliwa kwamba mtu anaweza kukata matawi ya jirani yaliyoning'inia juu ya ardhi yake bila kutoa taarifa, mradi tu asiingie katika ardhi ya jirani huyo. Haki hiyo huishia kwenye mstari wa mpaka. Hairuhusu kukata shina lililo upande wa pili, na kuni au mbao zinazopatikana hubaki mali ya mwenye mti. Anayetumia haki hiyo kwa kawaida hujilipia mwenyewe, isipokuwa wawili hao wamepatana vinginevyo. Ingawa sheria haidai taarifa, kubisha hodi kwa jirani kabla ya kuwasha msumeno kumeokoa ujirani mwingi.

Tawi likiwa tayari limeanguka na kuvunja kitu, wengi hudhani kwamba mwenye mti atalipa moja kwa moja. Si hivyo. Katika shauri la Noble dhidi ya Harrison la mwaka 1926, tawi lililokuwa limetanda juu ya barabara lilivunjika ghafla siku ya hali ya hewa nzuri na kuliangukia basi lililokuwa likipita. Mwenye mti hakuwajibishwa, kwa kuwa kasoro iliyolivunja tawi ilikuwa imejificha ndani na asingeweza kuibaini hata kama angeukagua mti kwa uangalifu wa kawaida. Kinachotazamwa, kwa hiyo, ni uzembe: je, mwenye mti alijua, au alipaswa kujua, kwamba tawi lile ni la hatari, na akakaa kimya?

Hapo ndipo barua fupi inapokuwa na thamani kuliko maneno mengi. Mtu anayeona tawi kavu la jirani limeelekea paa lake anashauriwa kumweleza kwa maandishi, kuacha nakala katika ofisi ya Serikali ya Mtaa na kupiga picha yenye tarehe. Baada ya hapo mwenye mti hawezi tena kusema hakujua. Aidha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari kabla ya upepo mkali, kama ilivyotoa taarifa mfululizo Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiikaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024. Aliyekwisha kuonywa kuhusu tawi bovu, kisha akasikia na tahadhari ya upepo, atapata shida kujitetea kwamba yaliyotokea ni kazi ya Mungu peke yake. Kinyume chake, mti mzima wenye afya ukivunjwa na upepo usio wa kawaida, kila mmoja hubeba hasara iliyomwangukia, pamoja na kusafisha uwanja wake. Madai ya fidia ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 mahakamani. Mengi hayastahili kufika huko, kwani gharama ya kesi huweza kulimeza bati lililobishaniwa.

Mpangaji naye asome mkataba wake. Mti ni sehemu ya nyumba, na pale mkataba unaponyamaza ni jambo la busara mwenye nyumba kulipia matengenezo makubwa kama hayo. Mpangaji aliyelazimika kulipa kwa dharura ahakikishe amepata kibali cha mwenye nyumba, walau kwa ujumbe wa simu, kabla ya kuanza kukata kodi ili kujirudishia.

Bima husaidia, lakini si kwa namna ambayo wateja wengi hufikiri. Bima ya msingi ya nyumba hulenga moto na radi. Dhoruba na mafuriko huongezwa kwa makubaliano. Hata pale dhoruba inapokuwamo, mikataba mingi hulipa tawi lililoharibu jengo lililokatiwa bima, na kuliondoa tawi hilo huhesabiwa katika kuondoa kifusi. Tawi lililolala bustanini bila kuvunja kitu halilipiwi, na uzio mara nyingi huwa nje ya bima. Kwa magari tofauti ni kubwa zaidi: mwenye bima kubwa anaweza kudai, ilhali mwenye bima ndogo, inayohusu madhara kwa watu wengine pekee, hatapata kitu kwa gari lake lililopondwa na mwembe. Mteja atoe taarifa kwa kampuni mapema, apige picha kabla ya kusogeza chochote, afunike paa kwa turubai ili mvua isiongeze hasara, na atunze risiti ya turubai hilo. Mgogoro na kampuni ya bima ukishindikana kumalizwa, hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Baada ya kujulikana ni nani alipaye, hubaki swali la kiasi. Kazi hii haina bei elekezi. Fundi huangalia urefu wa mti, unene wa tawi, kama kuna nafasi ya kuliangusha au lazima lishushwe vipande vipande kwa kamba, na kilichopo chini yake. Tawi moja juu ya paa la vigae linaweza kugharimu kuliko mti mzima ulioko katika uwanja wazi. Siku mbili tatu baada ya dhoruba bei hupanda, kwa sababu mafundi wenye misumeno ya mnyororo ni wachache na wanaowahitaji ni wengi. Tawi lililokwisha kufika chini, lisilozuia njia wala kuegemea ukuta, linaweza kusubiri wiki moja na kupunguza gharama. Lililopasuka nusu na kuning'inia juu ya njia ya watoto lisisubiri hata siku.

Mapatano yaseme wazi kama bei inajumuisha kukatakata na kuzoa. Mabishano mengi yanatokana na jambo hili dogo: fundi anashusha tawi, anapokea fedha zote na kuondoka, na mwenye nyumba anaachiwa lundo la majani lisilopita mlangoni, kisha analipa mara ya pili kwa mwenye toroli au kirikuu. Ni vyema sehemu ya malipo ibaki mkononi hadi uwanja uwe safi. Kuni nazo zina thamani, na fundi anayezitaka anaweza kupunguza bei. Jambo hilo lizungumzwe kabla msumeno haujaanza kunguruma. Malipo kwa simu huacha kumbukumbu, na risiti itahitajika kama kuna madai ya bima au ya jirani. Matawi yasitupwe kwenye mtaro, maana mvua inayofuata itayarudisha barabarani pamoja na maji.

Bei ya chini sana ina hatari yake. Fundi anayepanda bila kamba wala kofia ngumu akianguka, familia yake itageukia nyumba aliyokuwa akifanyia kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) huwahusu wafanyakazi ambao waajiri wao wanawachangia. Kibarua anayejitegemea hana mwajiri wa namna hiyo. Fundi mzuri hutambulika pia kwa namna anavyokata. Tawi zito hukatwa mara tatu: mkato mfupi kutoka chini, umbali kidogo na shina, mkato wa pili kutoka juu, mbele zaidi ya ule wa kwanza, ili tawi likatike bila kuchuna gome la shina, kisha kisiki kilichobaki huondolewa karibu na uvimbe ulioko tawi linapoungana na shina, bila kuukata uvimbe huo, kwa kuwa ndiko mti unakofungia kidonda chake.

Anayeshauri kwamba kwa kuwa amekwisha kuja, mti wote ufyekwe kichwa, asisikilizwe haraka. Machipukizi yanayoota baada ya kufyeka kichwa hushikamana na ngozi ya juu tu ya shina, hukua kwa kasi, na baada ya miaka michache ndiyo yanayokuwa ya kwanza kuvunjwa na upepo. Kuukata mti mzima ni uamuzi tofauti na kuondoa tawi lililovunjika. Halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo zinazotaka kibali, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalinda aina fulani za miti hata nje ya misitu ya hifadhi. Mwananchi aulize kwa afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri yake kabla ya kumlipa fundi malipo ya awali.