UNGA WA NGANO NA HAMIRA: VIWEKWE WAPI, NA KWA MUDA GANI?

Mtu asafiriye kutoka Eldoret kwenda Moiben hupita kati ya mashamba ya ngano, na mjini kwenyewe mna viwanda vya kusaga. Hata hivyo, katika nyumba za mji huo huo unga hutupwa kwa sababu ya wadudu na uvundo. Mama auzaye mandazi, aliyenunua gunia zima ili apate nafuu ya bei, akitupa nusu yake, nafuu ile huisha, na huenda ikaondoka pamoja na mtaji.

Eldoret uko kadiri ya mita 2,100 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Baridi hiyo ni ghala isiyolipiwa kodi, maana wadudu wekundu wa unga hawazaani vema mahali penye joto la chini ya digrii 20. Lakini wengi huuweka unga juu ya kabati karibu na jiko, wakidhani kwamba joto litaukausha. Hapo ndipo wanapokosea. Joto la jiko huwaamsha wadudu, na mvuke wa sufuria hupenya mfuko wa karatasi. Wadudu hao wakiwa wengi hutoa maji yao makali, unga ukanuka na kugeuka rangi ya waridi kidogo. Chekecheke huwaondoa wadudu, haiondoi harufu.

Yafaa unga utiwe katika debe au ndoo kavu yenye mfuniko wa kukaza, iwekwe juu ya ubao, mbali na jiko na ukuta wenye unyevu. Unga mpya usimiminwe juu ya wa zamani, kwa kuwa mayai ya wadudu yaliyobaki chini hupata chakula kipya. Mwenye friza aweza kuugandisha unga siku nne kabla ya kuuhifadhi, na mayai hayo hufa. Tena, tarehe iliyoandikwa juu ya mfuko hupotea mfuko unapotupwa. Basi kipande hicho cha karatasi kikatwe na kubandikwa juu ya debe.

Unga mweupe uliohifadhiwa hivyo hukaa miezi minane, hata mwaka. Unga wa atta haukai hivyo: ndani yake mna kiini cha punje chenye mafuta, nayo mafuta huchacha, hivyo miezi mitatu yatosha. Sukari na chumvi haziozi. Zikiganda ni kazi ya kuzivunja tu.

Hamira kavu, pakiti ikiisha kufunguliwa, huanza kufa. Ikae mahali pa baridi, na baada ya miezi mitatu au minne ijaribiwe: kijiko kimoja katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Isipotoa povu baada ya dakika kumi, imekufa. Beking poda hujaribiwa kwa maji ya moto, nayo yapasa kuchemka papo hapo. Watu wa miinuko huhitaji beking poda pungufu kuliko watu wa Mombasa, kwa kuwa hewa nyepesi huliachia donge liumuke upesi. Hivyo kopo kubwa hupoteza nguvu kabla halijaisha, na heri kununua dogo.

Unga ulioota ukungu ni jambo jingine kabisa. Wako wauanikao juani na kuupika. Mwaka 2004, huko Ukambani, mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini yaliua watu 125 katika wagonjwa 317 waliohesabiwa. Sumu hiyo haiishi kwa jua wala kwa moto wa tanuri. Unga wa namna hiyo ufukiwe. Hata ng'ombe wa maziwa asipewe, maana sumu hupita mwilini mwake ikaingia katika maziwa wanywayo watoto.